Mume wangu akiacha pombe anaona wadudu ukutani. Kuna njia gani nyingine?

"Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 43, tunaishi Moshi vijijini. Alianza na mbege kama watu wote wa huku, lakini kwa miaka kama sita sasa ni gongo, kuanzia asubuhi anapozimua mpaka usiku. Mwezi uliopita aliamua mwenyewe kuacha. Siku ya kwanza alitetemeka hadi akashindwa kushika kikombe. Siku ya tatu akawa anaona wadudu wanatembea ukutani na anaongea na marehemu baba yake. Wakwe zangu wakasema ni mapepo. Kaka yake akampa gongo kidogo, akatulia, na tangu hapo anakunywa kuliko mwanzo. Soba hausi tuliyoulizia wanataka fedha ya miezi sita, hatuna. Mchungaji anasema aende afunge na kuombewa siku saba. Mama mkwe ana dawa ya mizizi. Na kuna mama sokoni ameniuzia unga wa kuweka kwenye chai bila mwenyewe kujua, anasema ataichukia pombe. Nimeshamwekea mara mbili. Kuna njia gani nyingine? Na je, nimwambie kuhusu huo unga?"

Marahaba, dada yangu. Kabla hujasoma zaidi: usimwekee tena huo unga. Uliobaki usiutupe. Ufunge kwenye mfuko, uuweke mahali watoto hawafiki, nitakwambia baadaye wa kazi gani. Na jambo la pili la leo: asiache pombe tena ghafla akiwa nyumbani. Najua ni ajabu kusikia daktari akisema hivyo juu ya gongo, kwa hiyo niruhusu nikueleze kilichomtokea siku zile tatu, maana kila uamuzi mwingine unategemea hapo.

Pombe kwenye ubongo ni breki. Inapunguza mwendo, ndiyo maana mtu akinywa analegea, hofu inamtoka, usingizi unakuja. Mtu anayekunywa kila siku kwa miaka, ubongo wake unazoea kuishi breki ikiwa imebanwa, na ili maisha yaendelee unajifunza kukanyaga mafuta kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana anaweza kunywa kiasi cha kumlaza mwingine chini na yeye akatembea hadi nyumbani. Sasa siku pombe inapokatika, breki imeachiwa lakini mguu bado uko kwenye mafuta. Gari linaondoka kwa kasi ambayo hakuna anayeiendesha. Kwanza, ndani ya saa 6 hadi 24, mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, chakula hakikai. Ndani ya siku mbili za mwanzo wengine wanaanguka kwa mtikisiko kama wa kifafa. Na kati ya siku ya pili na ya nne wachache wanafika pale alipofika mume wako: joto linapanda, hajui yuko wapi, anaona na kusikia visivyokuwepo. Wadudu wa ukutani ni maono ambayo madaktari wa nchi zote wanayajua kwa hali hii. Ni ugonjwa wenye jina na tiba, na usipotibiwa unaua.

Kaka yake alipompa gongo na akatulia, alitumia dawa mbovu kwa ugonjwa sahihi. Mwili ulikuwa unadai breki yake. Usimlaumu shemeji yako, inawezekana usiku ule alimwokoa. Lakini kila mara mtu anapopita kwenye kuacha ghafla namna hii, mara inayofuata inaweza kuwa kali zaidi. Mume wako ameshafika kwenye maruweruwe. Mara ya pili lazima iwe mbele ya muuguzi.

Kwa hiyo swali lako nitaligawa. Siku saba za kwanza hazina njia mbadala. Baada ya hizo siku saba njia ni nyingi, nyingine za bei nafuu kuliko unavyodhani, na soba hausi ni mojawapo tu.

Siku za kwanza ni za hospitali. Kwenu huko ni Mawenzi au KCMC, na mkianzia hospitali ya wilaya wanaweza kuwapa rufaa. Mueleze daktari wa mapokezi maneno haya haya: anakunywa gongo kila siku, mwezi uliopita alipoacha alichanganyikiwa siku ya tatu. Ukisema "anaumwa tumbo" kwa kuona aibu, watatibu tumbo. Watakachofanya ni kumpa diazepamu kwa kipimo, nyingi siku ya kwanza na kupunguza kila siku, ili mguu utoke kwenye mafuta taratibu. Mara nyingi ni siku tano hadi saba. Tafadhali msinunue diazepamu duka la dawa na kumpa nyumbani. Ikikutana na gongo tumboni, pumzi inaweza kukatika usingizini.

Kuna kitu cha pili ambacho naomba ukiulize kwa jina: sindano ya vitamini B1, yaani thiamini. Mnywaji wa muda mrefu hali vizuri, na hata anachokula tumbo lake halinyonyi vitamini hiyo ipasavyo. Ikiisha, ubongo unaumia haraka: macho yanacheza, anayumba hata kama hajanywa, kumbukumbu inapotea, na ikichelewa hairudi. Akiwekewa dripu ya sukari bila thiamini hali inaweza kuzidi. Nimewahi kuona ndugu wakifurahia dripu huku mgonjwa anazidi kupotea, na dawa iliyokosekana ni hiyo ndogo ya bei rahisi. Uliza bila woga: "Mmeshampa thiamini?" Hakuna muuguzi mzuri atakayekasirika.

Kama kabla ya siku ya kwenda hospitali bado anakunywa, mwache anywe kiasi chake cha kawaida, kisizidi, na kabla ya kikombe apate uji au ndizi za nyama. Akianguka kwa mtikisiko, akiwa na joto na kuweweseka, akitapika damu, au akisema macho yanaona ukungu, usisubiri siku mliyopanga. Hilo la macho ni la gongo hasa: ikiingia methanoli, aina ya pombe yenye sumu, inapofusha na kuua, na kila saa ina thamani.

Sasa unga. Wanaouza "dawa ya kuacha pombe bila mnywaji kujua" wako kila soko, na wateja wao ni wanawake waliochoka kama wewe, kwa hiyo sina neno la kukulaumu. Mmoja wa wanawake hao aliwahi kunifungulia mezani kipande cha karatasi ya daftari, ndani unga mweupe wenye chembe za kijivu. Nilipouliza ni nini akasema ni mti. Mumewe alikuwa wodini, uso mwekundu umevimba, presha imeshuka hadi muuguzi anapima mara mbili hajiamini. Kilichokuwemo hatukukijua siku ile, lakini dalili zilikuwa za dawa moja ya hospitali iitwayo disulfiramu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Antabuse.

Hiyo ni dawa ya kweli na historia yake inafundisha. Miaka ya 1940 watafiti wawili wa Denmark, Erik Jacobsen na Jens Hald, walikuwa wanaichunguza kama dawa ya minyoo. Wakaimeza wenyewe kuipima. Walipokunywa pombe, wakaugua. Sababu ni hii: ini likipokea pombe huibadili kwanza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha haraka huibadili sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Disulfiramu inafunga mlango wa hatua ya pili. Sumu inajaa, uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, anatapika, na kwa mwenye moyo au ini bovu anaweza kufa. Inasaidia mtu mmoja tu: yule aliyekubali mwenyewe, aliyepimwa ini na moyo, aliyekaa angalau saa 12 bila pombe kabla ya kidonge cha kwanza, na anayejua kwamba hata akikiacha, kwa wiki mbili bado bia moja inaweza kumlaza. Kidonge kile ni ahadi anayoimeza kila asubuhi. Ukimtilia kwa siri umeondoa ahadi ukabakiza sumu. Na ikiwa unga wako si disulfiramu, basi ni mti wa kutapisha au ni kitu tusichokijua kabisa, kinaingia kwenye ini ambalo tayari limechoka. Ndiyo maana nasema upeleke uliobaki hospitalini, daktari ajue cha kuangalia na dawa gani asichanganye.

Mizizi ya mama mkwe nitaisema kwa kifupi na kwa heshima. Duniani kuna mimea mingi iliyojaribiwa. Wachina wana mmea uitwao kudzu ambao katika majaribio madogo uliwafanya watu wanywe bia chache kidogo kwa kikao, lakini hakuna aliyeonyesha kuwa unamtoa mtu kwenye uraibu. Iboga ya Gabon, ambayo baadhi ya watu wanaipigia debe sana, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Na sisi wenyewe tunaikumbuka Samunge ya mwaka 2011, kwa Babu wa Loliondo na kikombe chake cha dawa, foleni za magari kwa kilomita, na wagonjwa walioacha dawa zao baada ya kikombe. Mwambie mama kwamba dawa yake isubiri hadi vipimo vya ini vitoke. Anachoweza kumpa mwanawe leo ni chakula, na hicho kina nguvu kuliko anavyofikiri.

Maombi ni jambo jingine. Mimi nimeona watu walioshikwa mkono na kanisa, na wengine na msikiti, wakasimama kwa miaka. Jumuiya inayomjua mtu kwa jina, inayomtembelea akikosekana Jumapili, inayompa kazi ya kufanya jioni, ni tiba ya kweli. Hata vikundi vya Alcoholics Anonymous vilivyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, vilijengwa juu ya imani na ushuhuda wa mlevi kwa mlevi mwenzake. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa kumweka mtu bila pombe kabisa, njia hiyo inalingana na ushauri nasaha wa kitaalamu, na wakati mwingine inaupita. Haidai ada. Hofu yangu ni hizo siku saba za kufunga. Mtu aliyekatiwa pombe ghafla, asiye na thiamini, akanyimwa chakula na maji, akianza kuona wadudu mbele ya watu wanaosubiri pepo litoke, atafungwa kamba. Mwendee mchungaji wewe na mzee mmoja wa kanisa, mwambie: "Tunaomba uje umwombee wodini siku hizo saba, na akitoka umpokee." Wachungaji wengi niliowaomba hivyo walikuja.

Baada ya wodi, dawa zipo. Naltreksoni na akamprosati ziliongezwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023. Naltreksoni inafanya kazi kwa namna ninayopenda kuieleza kwa kufuli. Pombe ikiingia, ubongo unamwaga kemikali zake wenyewe za raha, jamaa wa afyuni, nazo zinaingia kwenye kufuli zake kama funguo. Naltreksoni inaziba tundu la kufuli. Akinywa, utamu haufiki, na hamu inapungua siku hadi siku. Mwanasaikolojia John David Sinclair, Mmarekani aliyefanya kazi Finland, alijenga juu ya hilo njia ya kumeza kidonge saa moja kabla ya kunywa ili ubongo ujisahaulishe wenyewe. Kwa watu wasiotaka kuacha moja kwa moja, ni njia ya kujadili na daktari. Kwa mume wako siipendekezi, kwa sababu aliyekwisha kufika kwenye maruweruwe kunywa kwa kipimo ni kuchezea moto. Yeye aimeze kila siku akiwa ameacha, ini likiruhusu, na asiwe anatumia tramadoli, kodeini wala heroini, la sivyo ataingia kwenye arosto kali, yaani mateso ya kukatikiwa na dawa hizo ghafla. Akamprosati haichoshi ini ila inataka figo nzima, na inamezwa mara tatu kwa siku.

Nisikupe matumaini kupita kiasi. Majaribio yaliyokusanywa hadi mwaka 2014 yanaonyesha kwamba kwa kila watu kama 12 wanaomeza akamprosati, mmoja zaidi anabaki bila kunywa ambaye bila dawa angerudi. Kwa naltreksoni ni mmoja kwa kila 20. Ni msaada halisi na ni mdogo. Pia hazipatikani kila duka la dawa, kwa hiyo uliza hospitali ya rufaa kabla hujazunguka mji mzima.

Kuongea nako ni tiba, hata kama kwetu tunadhani ni maneno tu. Eldoret, magharibi mwa Kenya, wagonjwa 614 wa kliniki ya VVU waliokuwa wakinywa kupita kiasi waligawiwa makundi mawili. Waliopata vikao 6 vya kujifunza kutambua vichocheo vyao na kukataa kikombe walipunguza kunywa kuliko wale waliopewa elimu ya afya ya jumla, na waliowafundisha walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya kazi hiyo, wala si wanasaikolojia wenye shahada. Hapo kwenu KCMC kumefanyika utafiti wa mazungumzo mafupi yanayoendeshwa na wauguzi kwa majeruhi wanaokunywa, yakiitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mume wako anahitaji zaidi ya kikao kimoja, lakini wauguzi waliozoea kuzungumza hivyo bila kumhukumu mtu wapo karibu nawe.

Na sasa nifike kwako, kwa sababu hapa ndipo barua yako ilinigusa. Umetafuta unga, mizizi, mchungaji, soba hausi. Hakuna aliyekuuliza wewe unafanya nini nyumbani jioni, na hilo ni jambo ambalo limepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa New Mexico, Marekani, walichapisha kazi yao na ndugu 130 wa wanywaji waliokuwa wamekataa tiba. Ndugu walioelekezwa kwenye vikundi vya kuwafariji wao wenyewe, wanywaji wao 13 kwa kila 100 waliingia kwenye tiba. Waliofundishwa kumkusanyikia mnywaji na kumkabili kwa mshtuko, 30. Waliofundishwa kubadili namna wanavyoishi naye siku hadi siku, 64.

Walifundishwa nini? Kwanza, kuangalia saa. Anakunywa saa ngapi, na nani, akitoka wapi? Kama kilabu kiko njiani kutoka shambani, badili njia au mtume mtoto mkubwa akamlaki. Kama nyumbani kwenu mnapika mbege ya kuuza, najua ni ada ya shule, lakini mtungi hauwezi kuwa jikoni na yeye akapona. Zungumza na jirani auzie kwake kwa muda. Pili, saa anapokuwa mzima ziwe tamu: chakula cha moto, mazungumzo, kumuuliza ushauri kuhusu ng'ombe, watoto wakae naye. Akirudi amelewa, usigombane na usimbembeleze. Mpe maji, hakikisha yuko salama na amelala ubavu, kisha ondoka ukalale kwa watoto. Tatu, acha kumfunika. Ukimpigia bosi simu kusema ana malaria, au ukilipa deni la kilabuni, unaondoa maumivu ambayo yangemsukuma. Nne, chagua saa ya kumwambia. Asubuhi, kabla ya kuzimua au mara tu baada yake, siku ambayo ameona aibu ya jana: "Baba watoto, mwezi uliopita ulijaribu mwenyewe, na ulikuwa na ujasiri. Kilichotokea hakikuwa pepo, ni ugonjwa, na kuna daktari anayeujua. Nimeongea naye. Tunaweza kwenda Jumatatu, nitakaa nawe." Kisha nyamaza. Akikataa, usishindane, utarudia siku nyingine kama hiyo. Gari na nafasi viwe vimeshaandaliwa, maana siku akikubali inaweza kuwa siku moja tu.

Kama anakupiga, hayo yote yasubiri. Ondoka na watoto kwanza, uende kwa watu wako au kwenye dawati la jinsia la polisi.

Kuhusu ndugu zake: kwa Wachaga kata, yaani kibuyu cha kunywea mbege, ikipita, kuikataa ni kuwakataa waliokaa. Yeye peke yake hawezi kuivunja desturi hiyo. Kaka yake mkubwa anaweza kusema mbele ya wote kwamba huyu sasa anapewa soda, na kikombe chake kikaheshimiwa. Mwombe shemeji yule yule aliyempa gongo awe ndiye anayemlinda msibani na harusini. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye kuteleza zaidi. Akiteleza siku moja, arudi kliniki siku inayofuata, kipimo cha diazepamu kiamuliwe tena na daktari.

Soba hausi siipingi. Zimeokoa watu wengi, Zanzibar hasa, na kama nyumbani hakuna hata mmoja asiyekunywa, kutoka ndiyo njia pekee. Lakini kabla hamjauza ng'ombe kwa ajili ya ada, nenda mwenyewe uulize nani anawahudumia siku za kutetemeka, kama kuna muuguzi usiku, kama mtu hufungwa au kuchapwa, na akitoka nani anamfuatilia. Wakikosa majibu, baki na kliniki, kanisa na ndugu.

Swali lako la mwisho. Daktari umwambie siku ya kwanza kabisa, na unga mkononi, kabla hajaandikiwa dawa yoyote. Mume wako mwambie pia, ila baada ya hizo siku saba, akiwa ameshakula na kulala na akili imetulia. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee kwamba ni kwa ajili yake. Mwambie ulikuwa umechoka na uliogopa, mara mbili ulimtilia kitu kwenye chai, na hutafanya tena. Kisha kuanzia siku hiyo, kila kidonge anachomeza akimimine mwenyewe kiganjani, na chai yake aitie sukari mwenyewe.